Mwisho wa Ayubu, Nani Asiyeujua?

Kuna watu husoma Biblia kwa upendo, wengine kwa hofu, na wengine kwa sababu mchungaji amewakazia macho. Ndugu hawa wawili waliisoma kwa chuki, mmoja asubuhi na mwingine jioni, mwaka mzima na zaidi. Msiniulize kama inafaa. Mimi nasimulia ilivyokuwa.

Mkubwa alikuwa mwanamke, mshonaji wa vitambaa vya makochi, na mtaa wote ulimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa ajili ya kazi yake. Waliowahi kumrudishia kochi kwa malalamiko walijua ni kwa ajili ya ulimi. Mdogo wake wa kiume alikata mbao na kuunga fremu, wakamwita Gundi, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na jambo akilishika haliachii. Wote wawili walifundishwa na baba yao katika karakana ile ile, iliyopakana na nyumba kiasi kwamba ukipiga nyundo huku, vikombe vinatikisika kule.

Karakana hiyo ndiyo iliyowatia sumu. Sindano alikuwa ameolewa mbali, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na sanduku moja. Siku aliyokaa tena kwenye cherehani yake ya zamani, Gundi alimwambia neno moja tu: "Ulipoondoka, nani alibaki?" Sindano, ambaye ndiye aliyemfundisha kijana huyo kushika nyundo bila kujiponda vidole, hakulimeza neno hilo wala hakulitema. Alikaa nalo. Tangu hapo, kila mmoja alijua kuwa baba yao, Mzee, atakapoondoka duniani karakana itakuwa ya mmoja wao, na kila mmoja alimtazama mwenzake kama mtu anayemtazama panya ghalani.

Mzee mwenyewe alikuwa na desturi yake. Kila mwaka mpya alifungua Biblia ukurasa wa kwanza, na mwaka ulipokwisha alikuwa ukurasa wa mwisho. Alifanya hivyo tangu alipomuoa mama yao, na hata alipomzika hakuacha. Macho yalipopofuka kabisa, aliwaita wote wawili sebuleni, akaketi kwenye kochi lake la kwanza kulitengeneza, lililokunjamana kama yeye.

"Sijawahi kuukata mwaka," alimwambia Sindano. "Mtanisomea. Asubuhi kaka yako, jioni wewe. Kila mmoja ataanzia pale mwenzake alipoishia."

"Baba, huyu na mimi hatusemezani," Sindano alisema.

"Sikuwaambia msemezane. Nimewaambia msome."

Basi Sindano akakata kipande cha utepe mwekundu, ule wa kushonea kingo za makochi, akakitia ndani ya Biblia. Utepe huo ukawa ndio salamu yao pekee. Gundi akimaliza asubuhi anauweka, Sindano jioni anaukuta. Hakuna habari za asubuhi wala pole na kazi.

Na jamani, kitabu hicho kinaanza vibaya kwa watu wenye ugomvi wa ndugu. Hata hujakaa vizuri kwenye kiti, mmoja ameshamuua mwenzake shambani. Gundi alipopata sehemu hiyo asubuhi, aliisoma polepole kwa sauti nzito, uso umeelekea dirishani, ambako dada yake alikuwa anakata kitambaa. Sindano akajibu siku zilipofika za mdogo aliyemwibia mkubwa baraka kwa baba kipofu. Aliisoma kwa sauti iliyovuka ukuta, mpaka nyundo ya kule karakana ikanyamaza. Mzee aliwasikiliza, mikono juu ya magoti. Akasema tu, "Someni. Someni watoto wangu. Humo ndani mmo nyote."

Walipofika kwenye sheria za vidonda na ukoma, Sindano alichoka. Akamwomba baba yake waruke, waende kwenye mambo ya maana.

"Kochi unalijaza sponji pale unapopapenda tu?" Mzee alimuuliza.

"Hapana, Baba."

"Ukiacha kona moja tupu, mteja ataketi wapi?"

"Hapo hapo," alijibu kwa kununa, akaendelea na vidonda.

Kisha katika kitabu cha Hesabu, katikati ya majina yasiyotamkika, jioni moja Sindano aliwakuta mabinti watano waliofiwa na baba. Walisimama mbele ya wakubwa wote wakadai fungu la baba yao, na wakapewa. Sindano alihisi kama ameokota sindano iliyopotea. Alirudia kusoma, mara hii kwa sauti ya kutangaza. Gundi alikuwa anapita uani na mbao begani. Alisimama dirishani, akasema maneno yake ya kwanza kwa dada yake tangu mwaka uanze.

"Hao hawakuwa na kaka."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Sindano alimgeukia baba yake, akitumaini atamkemea kijana. Mzee alitabasamu kidogo. "Subirini," alisema. "Kitabu bado kirefu."

Sindano alilichukua jibu hilo kama kofi. Aliona baba ameshaamua, na hana ujasiri wa kumwambia usoni. Akazidi kuwa mkali. Wateja walionja, majirani walionja, hata paka wa nyumba alijifunza kupita mbali na mguu wake. Lakini kusoma hakuacha. Angeacha, Gundi angesema dada ameukata mwaka wa Baba, na raha hiyo Gundi hangeipata Sindano akiwa hai.

Wakafika kwenye Ayubu. Kila mtu anamjua Ayubu: alikuwa tajiri, akafilisika, akaugua, akavumilia, akarudishiwa maradufu. Mahubiri ya misiba yote ni hayo. Ila ukikisoma kitabu chenyewe, utakuta marafiki wa Ayubu wanasema, na wanasema, na wakimaliza anainuka mwingine kusema. Sindano aliwachukia marafiki wale kwa dhati. Aliwaona kama ndugu wa upande wa baba.

Na hapo ndipo baba mdogo alipokuja.

Baba mdogo huyu alikuwa ndiye mdomo wa ukoo. Karakana ilikuwa imejengwa kwenye kiwanja cha babu, kwa hiyo neno lake lilihitajika. Msimamo wake ulijulikana hata kwa wapita njia: binti ni mgeni, leo yuko, kesho ameolewa. Alipenda pia kusema kwamba yeye habishani na Maandiko, ila binadamu yeyote atabishana naye mpaka kuche. Alasiri hiyo Sindano alimwona anaingia kwa mlango wa mbele, kavaa koti, fimbo mkononi. Kutoka kwenye cherehani alimsikia Mzee akimwambia, "Umefanya vizuri kuja leo. Keti, jioni binti yako atatusomea. Kisha nitasema neno kuhusu karakana."

Mguu wa Sindano uliganda juu ya kanyagio. Neno kuhusu karakana, mbele ya baba mdogo. Lingekuwa neno gani tena? Ndiyo hiyo siku, alijiambia. Wananiita nisome, nikishamaliza wanizike. Alimtazama Gundi, aliyekuwa anapaka gundi kwenye kiungo cha fremu, ametulia, hana habari, au ana habari zote. Utulivu ule ulimchoma kuliko tusi.

Wazee walipotoka uani kunawa mikono, Sindano aliingia sebuleni. Biblia ilikuwa juu ya stuli. Akaifungua kwenye utepe. Gundi alikuwa ameishia pale Mungu anapoanza kumuuliza Ayubu maswali. Zilibaki kurasa chache tu, kisha Zaburi. Mwisho wa Ayubu, nani asiyeujua? Akauvuta utepe, akaulaza kwenye Zaburi ya kwanza. Akaifunga Biblia, akatoka na furaha mbaya. Angalau baba mdogo aone na aseme mwenyewe: kijana mnayempa karakana ni mvivu anayemdanganya kipofu.

Jioni akasoma Zaburi, kwa sauti tamu kabisa.

Mzee aliinua mkono. "Ayubu ameishia wapi?"

"Utepe uko hapa, Baba. Ndipo alipouacha mwanao."

Baba mdogo akacheka. "Kijana wako amemruka Ayubu, kaka. Marafiki wale wamemchosha."

Gundi aliitwa. Alisimama mlangoni na vumbi la mbao nywele nzima. Akautazama utepe, kisha akamtazama dada yake, kwa muda mrefu. Sindano alijiandaa kwa vita, maneno yamepangwa kinywani. Gundi aligeuka, akarudi kazini.

Mzee aliomba Biblia, akaipakata mapajani. Alipitisha kidole gumba kwenye unene wa kurasa, upande huu, kisha upande ule, kama alivyokuwa akipima sponji. Uso wake ulibadilika, Sindano akaona, akadhani ni hasira kwa Gundi.

"Kurasa hizo zitamngoja aliyeziruka," Mzee alisema. "Arudi mwenyewe, aniambie, azisome. Mpaka hapo, sina neno kuhusu karakana."

"Uliniita nisikilize Zaburi?" baba mdogo aliuliza, akitafuta fimbo yake.

"Nilikuita usikie neno kwenye Kitabu, usije ukasema ni langu. Halikusomwa. Nitakuita tena."

Hakumwita tena. Waliendelea na Zaburi, Mithali, manabii wakali mmoja baada ya mwingine. Kila jioni, kabla Sindano hajafungua, Mzee alimuuliza, "Una la kunisomea, mama?" Alimwita mama, kama mzazi anavyomwita binti anapombembeleza. Naye Sindano alijibu, "La leo, Baba," akasoma la leo. Ilimfurahisha kwamba Gundi harudi kukiri. Hakujiuliza mtu akiri nini asichokifanya. Mwenye kosa ana akili ya ajabu ya kusahau kosa ni la nani.

Walikuwa katikati ya Yeremia Mzee alipougua kifua. Siku ya mwisho alishika mkono wa kila mmoja na kusema mwaka usikatike. Akafa mchana kweupe, nyundo ikiwa inalia kule nyuma, kwa kuwa Sindano alichelewa kumwita Gundi. Hilo nalo liliongezwa kwenye deni la Sindano.

Baba mdogo hakupoteza muda. Matanga hayajapoa, alimkabidhi Gundi funguo za karakana mbele ya ndugu wote. Gundi alizipokea bila kuinua macho. Sindano alihama, akapanga kibaraza mtaa wa pili, akanunua cherehani ya mkono iliyokuwa inakata uzi kila pindo, na akawa anashona mapazia. Cherehani yake halisi ilibaki karakana. Alisikia kwamba mbao zimepangwa juu yake.

Mngedhani kusoma kumekwisha. Nani anasoma, na kwa nani? Kochi lilikuwa tupu. Lakini kesho yake asubuhi Gundi alisoma, na utepe akauweka, na Sindano alipopata habari hizo kwa majirani, jioni alifika sebuleni, akaketi mbele ya kochi tupu, akasoma. Hakutaka kaka yake apate kusema. Gundi naye hakutaka dada yake apate kusema. Hivyo ndivyo mwaka wa Mzee ulivyofika mwisho bila kukatika, na mwaka mwingine ukaanza, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuacha.

Sasa, chuki ni kitu cha ajabu. Ukiipa kazi ya kila siku inachoka kabla ya kazi. Mara ya pili Sindano aliposoma habari za mdogo aliyeiba baraka, hakupaza sauti. Alimfikiria yule baba kipofu, anapapasa mikono ya mtoto wake, anajua kuna kitu hakiko sawa. Alishindwa kumaliza sura kwa wakati. Alipowafikia mabinti watano, aliona jambo ambalo mwaka uliotangulia lilimpita: walisimama mbele ya watu wote, wakadai kwa midomo yao. Hawakuhamisha kitu gizani. Alifunga Biblia siku hiyo kwa kishindo, akamkasirikia Musa.

Na Ayubu akaja. Alianza kuhesabu, ingawa hakutaka, na akaona kwamba zamu ya mwisho wa Ayubu itaangukia jioni, kwake. Alijiambia aumwe. Alijiambia mvua inyeshe. Mvua ya nini wakati jua linawaka? Akaenda.

Gundi alikuwa sebuleni. Kawaida jioni hujificha karakana mpaka dada aondoke. Leo ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mikono imepakatwa. Hawakusalimiana. Sindano akafungua kwenye utepe, akaanza.

Alisoma Mungu anavyomuuliza Ayubu juu ya wanyama wa porini. Alisoma Ayubu anavyoweka mkono kinywani. Alisoma ng'ombe na punda na ngamia, yote maradufu, kama kila mtu ajuavyo. Kisha akafika kwenye watoto. Wana saba, wametajwa kwa mkupuo bila hata jina moja. Mabinti watatu, kila mmoja na jina lake. Na mstari uliofuata ulisema baba yao aliwapa urithi pamoja na kaka zao.

Sindano aliurudia mstari ule kwa macho tu.

"Soma kwa sauti," Gundi alisema.

"Nimesoma."

"Hujasoma. Soma."

Akasoma. Pamoja na kaka zao. Sauti yake ilitoka ndogo, si ile ya kuvuka ukuta.

"Asubuhi ile Baba aliniambia," Gundi alisema. Alizungumza akitazama sakafu. "Alisema jioni dada yako atausoma mstari huo mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya baba mdogo. Kisha nitasema karakana ni yenu nyote wawili, na baba mdogo hatakuwa na la kubisha, maana anasema habishani na Maandiko. Akaniuliza nimekubali? Nikasema nimekubali. Sikupenda. Lakini nilikubali."

Sindano aliiweka Biblia juu ya stuli. Alikumbuka koti la baba mdogo, kicheko chake, Zaburi aliyoisoma kwa sauti tamu. Kile alichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa kwenye kurasa zile, na yeye ndiye aliyekiruka.

"Ulijua ni mimi niliyehamisha utepe."

"Niliuweka mwenyewe asubuhi. Ningekosaje kujua?"

"Ukanyamaza, mwaka mzima."

"Na wewe ukanyamaza, mwaka mzima." Gundi aliinua macho kwa mara ya kwanza, na hayakuwa na huruma. "Mimi nilinyamaza kwa sababu naitaka karakana. Dada, usidhani mimi ni malaika. Nilisema moyoni, amejiondoa mwenyewe, shauri lake. Lakini Baba pia alijua. Kila asubuhi nikimaliza alikuwa anashika unene wa kurasa kwa kidole. Macho hayakuwepo, kidole kilikuwepo. Alikuwa anakungoja wewe."

Una la kunisomea, mama? Kila jioni, mpaka kifua kikamziba. Na yeye akajibu la leo.

Sindano alilia, na alilia vibaya, kwa hasira, akijipiga goti. Gundi hakumnyamazisha. Ukweli ni kwamba alimtazama mtu akilia kama anavyotazama mbao zikikauka. Alipomaliza, Sindano alijifuta kwa upindo wa gauni, akasimama mbele ya kochi tupu.

"Baba, ni mimi," alisema. "Niliziruka mimi. Leo nimezisoma."

Kisha akamgeukia kaka yake. Miguu ilitaka kuondoka, na ulimi ulishaandaa neno la kumchoma. Alilimeza. Alisimama wima, katikati ya chumba.

"Nataka fungu langu la karakana," alisema. "Sikuombi kwa hila wala sikusingizii. Nakudai wewe, uso kwa uso."

"Mwaka jana nilimkubalia Baba," Gundi alisema. "Wewe sijakukubalia kitu."

Akainuka, akatoka. Sindano alibaki amesimama. Hakuwa na wa kumlilia: baba mdogo angemcheka, na baba yake alikuwa ardhini. Alichukua mtandio wake. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia ukutani kishindo cha ubao ukianguka sakafuni. Kisha mwingine. Kisha nyingi pamoja, kwa hasira, mpaka vikombe vikatikisika kabatini.

Gundi alirudi kifua kimejaa vumbi, anahema.

"Mkanda wa cherehani yako umeoza," alisema. "Huo utanunua mwenyewe. Na baba mdogo akija kufoka, wewe ndiye utakayemsomea, si mimi."

Sindano alitikisa kichwa kukubali.

Gundi alikwenda kwenye stuli, akaifungua Biblia, akaulaza utepe mwekundu pale Ayubu anapokwisha na Zaburi inapoanza. Akaubana kwa kidole, akamtazama dada yake.

"Kesho asubuhi ni zamu yangu," alisema. "Utepe usiguswe."